Kituo Kilichokuwa Kikingoja



Mwaka 1998 niliajiriwa kiwandani karibu na Birmingham, nikiwa na shahada mkononi na kiburi kidogo kichwani. Tulikuwa tukitengeneza bloku za injini kwenye laini ya mashine zinazojiendesha: hapa bloku inachongwa, pale inatobolewa, na vituo vyote huhamisha kazi kwa pamoja.

Nilitakiwa niongeze idadi ya bloku kwa siku. Nikapandisha kasi ya kukata kila kituo. Mzee mmoja wa Kijamaika, aliyeihudumia laini ile miaka mingi, akaniambia, "Mwanangu, kituo cha kutoboa humaliza mapema kikawangoja wenzake. Unakiharakisha cha nini?" Sikumsikiliza.

Na sheria niliisoma chuoni! F. W. Taylor, Mmarekani, aliitangaza zaidi ya miaka 100 iliyopita: kasi ikizidi, uhai wa kisu hupungua kwa upesi zaidi. Kipeo chake kwa visu vya kabaidi mara nyingi huwa karibu na 0.25, maana yake, ukipunguza kasi kwa asilimia 20, kisu hudumu zaidi ya mara mbili. Basi huharakishwa kile kituo kinachochelewesha wengine tu. Vyenye nafasi hupunguziwa kasi, ili visu vidumu hadi mwisho wa zamu vibadilishwe kwa pamoja.

Siku ya tatu keekee ikakatikia ndani ya bloku. Laini nzima ikasimama kwa muda wa saa tano. Kikaoni meneja akauliza nani hakubadilisha keekee kwa wakati. Macho yakamgeukia mzee. Nami, mgeni mwenye kibali cha mwaka mmoja, nikanyamaza. Akapewa barua ya onyo.

Ilinichukua wiki nzima kwenda kusema ukweli. Onyo likafutwa. Mzee hakunigombeza, alinipa daftari lake, alimoandika kwa penseli keekee zilizotumika siku baada ya siku. Kwa daftari lile nikazipanga kasi upya. Bloku ziliongezeka kidogo, keekee zilizovunjika zikapungua sana.

Leo vijana wananiletea hesabu za kompyuta, nzuri kuliko zangu. Huwauliza kwanza: umezungumza na anayeihudumia mashine? Hawajui kwa nini nauliza. Ninyi sasa mnajua.