Kimuli: Kabla ya kuinua gari, fikiria nani atapanda

Kutoka Bukoba, barabara ya lami inapita Kyaka, kwenye kivuko cha Mto Kagera ambako majeshi ya Idi Amin yalibomoa daraja mwaka 1978. Baada ya Kyaka, gari linaanza kupandisha vilima hadi Bugene, wilayani Karagwe. Mbele zaidi ndiko iliko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na ndani yake kata ya Kimuli.

Huku ni nchi ya migomba, kahawa na maharage. Nyumba zimejificha ndani ya mashamba, na njia za kuzifikia ni za udongo. Mvua ni za misimu miwili kwa mwaka, na zikishika, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Mteremko ambao mchana wa kiangazi mtu anaushuka kwa gia ya tatu, usiku wa mvua unamtoa jasho.

Kwenye mazingira kama haya, familia yenye gari haimiliki gari peke yake. Gari hilo ndilo la kupeleka mazao sokoni na watoto shuleni. Jirani akishikwa na uchungu saa nane usiku, mlango unaogongwa ni wa mwenye gari. Ndiyo maana baba akipata fedha kidogo baada ya msimu wa kahawa, wazo la kuliinua gari na kulifunga tairi kubwa linakuja haraka. Si wazo baya, lakini lina hesabu zake.

Springi zinainua nini, tairi zinainua nini

Wengi hudhani springi ndefu zinaliepusha gari na mawe na matuta yote. Kwa magari yenye ekseli nzima nyuma, kama Land Cruiser nyingi na Hilux, springi zinainua bodi tu. Difu inabaki palepale ilipokuwa, na mara nyingi difu ndiyo inayokwama kwenye tuta la katikati ya njia. Kinachoinua difu ni tairi.

Chukua tairi ya 265/70R16, inayofungwa kwenye Prado nyingi za zamani. Kimo chake ni takriban milimita 777. Ukifunga 285/75R16, kimo kinakuwa takriban milimita 834. Tofauti ni milimita 57, lakini difu inapanda kwa nusu yake tu, chini kidogo ya sentimita tatu.

Sentimita hizo tatu hazitolewi bure. Tairi kubwa ni nzito, hivyo breki zilezile zinafanya kazi kubwa zaidi na gari linachelewa kusimama. Injini inahangaika mlimani na mafuta yanaisha haraka. Spidi mita nayo inadanganya: ikisoma 80, gari liko kwenye 86 hivi. Pia tairi inaweza kugusa bodi dereva anapokata kona hadi mwisho.

Uzito ukipanda juu

Bodi ikiinuliwa, uzito wa gari unahamia juu, na gari linakuwa rahisi kupinduka kwenye kona au njia iliyolala upande. Ongeza mikungu ya ndizi kwenye keria na watoto sita nyuma, hatari inakuwa kubwa zaidi.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kwa hiyo mkanda ni wa lazima kwa kila aliyekaa, na mtoto mdogo hapaswi kupakatwa kiti cha mbele. Mjamzito naye afunge mkanda: kipande cha chini kipite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na cha juu kipite katikati ya matiti.

Kuna jambo jingine la uani. Boneti ikipanda, dereva hamwoni mtoto mdogo aliyesimama karibu na bampa. Kabla ya kuwasha gari, zunguka ulitazame pande zote na uhesabu watoto.

Halafu kuna kupanda kwenyewe. Springi zikiongeza sentimita tano na tairi tatu, kizingiti cha mlango kimepanda karibu upana wa kiganja. Kijana hataona tofauti. Mama mwenye uchungu au bibi mwenye magoti mabovu ataiona. Ukiinua gari, weka ngazi ya pembeni na mshikio imara.

Anza na kipi?

Anza na tairi za saizi ya kiwandani, zenye kashata kubwa za kutafuna tope. Kwenye utelezi, tairi kipara hata iwe kubwa namna gani haisaidii. Ukinunua zilizotumika, tazama tarakimu nne za mwisho ubavuni baada ya herufi DOT: 2419 maana yake ilitengenezwa wiki ya 24 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka hupasuka hata kama kashata zipo.

Pili, badili springi na shokapu zilizochoka. Mara nyingi gari limeshuka kwa uchovu tu, na vipya vinalirudisha kimo chake. Ukitaka kuongeza, usizidishe sentimita nne au tano. Springi ngumu za kubebea mizigo zinarusha sana gari likiwa tupu, na anayeteseka ni mgonjwa wa kiti cha nyuma. Spesa, vile vipande vinavyowekwa juu ya springi, ni rahisi kwa bei, lakini vinaongeza kimo bila kuongeza uimara.

Tatu, kazi ikikamilika, fundi apime alaimenti, akague urefu wa mipira ya breki na kushusha mwanga wa taa, la sivyo utawapofusha waendesha bodaboda. Waulize pia kampuni ya bima na mkaguzi wa magari wa polisi kabla ya kulipa, si baada ya ajali.

Hata hivyo, tairi haziwezi kufidia kuchelewa. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unapokea simu za dharura za wajawazito na watoto wachanga bila malipo kwa namba 115, na mbali na magari ya wagonjwa unatumia madereva wa jamii. Andika namba hiyo ukutani. Na kama tarehe ya kujifungua inaangukia msimu wa mvua, mama aondoke mapema akakae karibu na kituo cha afya, barabara ingali kavu.