Kwetu Kasulu Wangeifungua Kwanza

Bado nina hasira, na bora niandike kabla hazijapoa. Kijana wa duka moja la simu hapa Minneapolis ameirudisha simu ya shangazi juu ya kaunta bila kugusa hata skrubu moja, akaniambia ninunue nyingine. Duka lenyewe mngeliona! Taa nyeupe kila kona, darubini mezani, bisibisi zimepangwa kwa ukubwa. Vifaa ambavyo mafundi wetu pale stendi ya Kasulu, Tanzania, wanaviota tu. Akaifunua, akaifunga, akatazama kompyuta yake, kisha akanitajia gharama ya kuichunguza tu, ambayo inakaribia bei ya simu mpya.

Simu ni ya kukunja. Shangazi hataki za kupapasa. Amezaliwa kijijini Kitanga, anataka abofye kitu kikubali. Ugonjwa wake ulikuwa huu: ukiifunga, haijui kama imefungwa. Kioo kinawaka humo humo ndani, chaji inakwisha kabla ya adhuhuri, na baya zaidi, maongezi hayakatiki. Shangazi amezoea kukata simu kwa kuifunga. Basi ndugu zetu wa Kibondo wakaendelea kusikia yote aliyoyasema baada ya kuagana nao, pamoja na maoni yake kuhusu mahari ya binti yao. Mpaka leo nyumba ile salamu zake ni za shingo upande.

Nikampigia mdogo wangu kwa video. Ana kibanda chake karibu na stendi, na kwao ilikuwa usiku. Kwanza "Shikamoo shangazi", kisha habari za baridi, habari za magoti, ndipo tukafika kwenye simu. Akauliza jambo ambalo dukani halikuulizwa: "Kaka, iliwahi kuanguka?" Iliwahi. "Basi tafuta sumaku."

Ndani ya mfuniko wa simu hizi mna kipande cha sumaku, kidogo kuliko punje ya mahindi. Upande wa vitufe, kwenye bodi, kuna sensa yenye jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyeonyesha mwaka 1879 jinsi sumaku inavyousukumia umeme pembeni ndani ya bamba la metali. Ukifunga mfuniko, sumaku inaisogelea sensa, simu inaelewa, inazima kioo na kukata maongezi.

"Pitisha sumaku taratibu pembezoni mwa vitufe, simu ikiwa wazi," akaniambia. "Kioo kikizima, sensa ni nzima, sumaku ya mfuniko ndiyo imebanduka. Kisipozima, geuza sumaku, maana sensa nyingine zinaitikia ncha moja tu. Kikikataa pande zote, hapo ndipo uishuku bodi." Na kama picha inakuja na kupotea kadiri unavyoufunua mfuniko, sumaku haihusiki: hiyo ni flekisi, ule utepe wa nyaya wa kwenda kwenye kioo, imekatikia kwenye bawaba.

Nikapitisha. Karibu na kitufe cha nyota kioo kikazima, shangazi akapiga kigelegele. Tulipoufungua mfuniko tuliikuta sumaku imeng'ang'ania spika ya sikioni, gundi yake ya kiwandani imekauka. Nikaijaribu kwanza nijue uso upi unakubali, nikairudisha mahali pake kwa tone moja la gundi.

Kinachoniuma ni kwamba Minnesota ina sheria ya haki ya kutengeneza, iliyoanza kutumika Julai 1, 2024. Inawataka watengenezaji wa vifaa vya kielektroniki wawape mafundi wa nje na wamiliki vipuri, zana na maelekezo. Mdogo wangu hana sheria ya namna hiyo, na hajawahi kupewa mchoro wa kiwanda. Amejifunza kwa kufungua mbovu. Mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilipozima simu feki usiku wa Juni 16, 2016, watu walizitupa, yeye akaziokota: spika, maiki, flekisi, sumaku, zote zikaingia kwenye kopo lake. Huku Marekani, kampuni kubwa za simu zilipozima 3G mwaka 2022, simu ngapi za kukunja zilitupwa hazina hata ugonjwa?

Sisemi nyumbani ni peponi. "Njoo kesho" ya mafundi wetu tunaijua, na wapo wanaokubadilishia betri nzima wakakupa iliyovimba. Hilo nalo linanikera, nitaliandikia siku yake. Ila fundi wa kwetu hakutangazii msiba kabla hajaifungua simu.

Wenzangu mlio huku na wazee wenye simu za kukunja, kabla hamjalipa, chukueni sumaku ndogo iliyo ngumu, si ile laini ya tangazo la piza iliyobandikwa kwenye friji, muipitishe pembezoni mwa vitufe. Na mkifunga mizigo ya Kasulu au Kibondo, wekeni mita na seti ya bisibisi nzuri. Fulana wanazo za kutosha.