Kile Ulichonacho Bila Kujua

Nianze kwa kukiri: vitabu hivi nilivianza kwa hasira. Mume wangu ana tabia moja. Mkigombana hapigi kelele, haendi baa, wala hanuni. Anachukua kitabu, anageukia ukutani, anasoma. Sasa wewe utagombana na mgongo? Usiku mmoja alipopitiwa na usingizi nikakivuta kile kitabu taratibu, nikaenda nacho sebuleni. Nilitaka kumjua huyo mwanamke mwenzangu.

Kwanza nikwambie tulikuwa tunagombania nini. Nilipoolewa nilijua kwamba mwenzangu ana binti. Lakini nilijua kama unavyojua kwamba Mbeya kuna baridi: ni habari tu, ukiwa Dar haikusumbui. Mtoto alikuwa Tanga kwa bibi yake, mama yake mzazi alishaolewa kwingine. Mwaka wa pili wa ndoa yetu bibi akaanza kuumwa, mtoto akaletwa kwetu. Miaka tisa, begi moja, na macho yanayotazama pembeni. Hakuwa mtukutu hata kidogo. Ila hakuniita kitu. Si mama, si mama mdogo, si anti. Akitaka kitu anasimama mlangoni mpaka nigeuke. Jamani, kuna ukimya unaochosha kuliko matusi.

Basi kitabu chenyewe kilikuwa The Last Wish cha Andrzej Sapkowski, mzee wa Kipolandi aliyezaliwa mjini Łódź mwaka 1948. Vijana wengi wanamjua Geralt wa Rivia kupitia michezo ya kompyuta iliyoanza kutoka mwaka 2007, au tamthilia ya Netflix iliyoanza Desemba 2019. Mume wangu naye alianzia kwenye michezo. Lakini mzee alianza zamani. Alikuwa mtu wa ofisini, mauzo ya biashara ya nje, alipotuma hadithi moja fupi kwenye shindano la jarida la Fantastyka. Ikachapishwa mwaka 1986, na kwenye shindano ikashika nafasi ya tatu. Alikuwa na miaka 38. Kwa hiyo wewe unayesema umri umekwenda, hebu tulia.

Hadithi fupi: hapo ndipo nilipokamatika

Geralt ni mwindaji wa mazimwi. Analipwa, anaua, anaondoka. Kwa Kipolandi anaitwa wiedźmin, neno ambalo mwandishi alilitengeneza kutoka jina la mwanamke mchawi. Nilidhani nitakuta mapanga tu. Kumbe zile hadithi za The Last Wish ni ngano tunazozijua, zimegeuzwa ndani nje. Kuna ya mrembo na dude la kutisha, kuna ya binti mfalme na mama wa kambo anayemtakia kifo. Hii ya pili niliisoma huku nimekunja uso. Si unajua tena, mama wa kambo ndiyo mimi.

Halafu kuna jini la chupa. Sisi wa pwani majini hatuyashangai, ila hili ndilo linalomkutanisha Geralt na Yennefer, mchawi mrembo, mkali, mwenye kiburi, ambaye kitu pekee anachokitaka hawezi kukipata: mtoto. Hapo niliacha kuwinda makosa nikaanza kusoma.

Lakini kilichoninyima usingizi ni ile desturi yao ya malipo. Mtu akikuokoa, anaweza kudai kile ambacho tayari unacho lakini bado hujakijua. Geralt anaitamka kwenye karamu, karibu kwa mzaha, kisha inabainika kwamba binti mfalme ana mimba. Mtoto aliye tumboni ni wake yeye, mtu asiye na nyumba wala hamu ya kulea. Nikacheka peke yangu saa saba usiku. Ndoa si ndiyo hiyo? Unasema “nakupokea pamoja na vyote ulivyo navyo”, halafu unakuja kujua hivyo vyote ni vipi.

Kitabu alichokiruka

Cha pili, Sword of Destiny, hakikuwepo kabatini. Nilimuuliza mume wangu, akasema ametoka cha kwanza akaenda moja kwa moja kwenye Blood of Elves. Si kosa lake sana. Kwa Kiingereza Blood of Elves ilitoka mwaka 2008 na Sword of Destiny ikaja mwaka 2015, wakati Poland ilikuwepo tangu mwaka 1992. Wasomaji wengi wa Kiingereza walikutana na Ciri, yule mtoto, bila kujua Geralt alimpataje.

Nilikinunua. Na kwa maoni yangu, ukisoma kimoja tu, soma hiki. Geralt anakutana na Ciri msituni, mtoto mbishi, mwongeaji, anayemng’ang’ania. Anajua ni wake. Na anamwacha! Anaondoka zake na sababu nzuri kabisa: kazi yangu ni ya hatari, mtoto anahitaji utulivu. Sababu hizo nilizijua, nilikuwa nazisema mimi kila wiki. Kisha nchi ya mtoto inavamiwa, kila mtu anadhani amekufa. Geralt anamwokoa mfanyabiashara mmoja njiani, kwa mazoea anadai tena kile asichokijua mwenyewe, na wanapofika nyumbani kwa yule baba wanakuta mke wake amechukua yatima wa vita. Unamjua ni nani. Nililia mpaka kanga ikalowa.

Nikampa mume wangu, nikamwambia asome ukurasa kwa ukurasa, asiruke. Alimaliza Jumapili. Akakaa kimya, akasema, “Na mimi nilimwacha Tanga miaka sita.” Ilikuwa mara ya kwanza tunaongea bila mgongo.

Riwaya zenyewe

Hadithi fupi zinaishia hapo, zinafuata riwaya tano, zilizotoka Poland kati ya mwaka 1994 na 1999. Nitakuwa mkweli kwa kila moja.

Blood of Elves ni ya polepole. Wanaotaka mapigano watapiga miayo: wafalme wanapanga, wapelelezi wananong’ona, mtoto anafundishwa upanga. Mume wangu anaiita kitabu cha shule. Kwangu sura ya mwisho inalipa kila kitu. Ciri anapelekwa kwa Yennefer akafundishwe uchawi, na hampendi. Yennefer naye hajipendekezi. Hamnunulii zawadi, hamlazimishi kumwita jina lolote. Anamtania, anamwita mbaya wa sura, anamfundisha kazi, kila siku, mpaka siku moja wanajikuta ni mama na mwana. Mimi nilikuwa nimenunua midoli, viatu, mpaka baiskeli. Nikaacha. Nikamwambia binti Jumamosi tunakwenda sokoni wote, yeye atachagua nyanya. Akachagua mbovu mbili. Nikamwonyesha kwa nini ni mbovu. Basi.

Humo humo kuna kichekesho kwa wapenzi: Geralt anamwandikia Yennefer barua baada ya muda mrefu, anamwita rafiki. Majibu yake kaka zangu myasome kabla hamjamtumia mtu ujumbe.

Time of Contempt inaanza kwa raha. Watatu hawa wanakuwa familia kwa kurasa chache, kisha wachawi wanageukana kisiwani, Geralt anavunjwa vunjwa, Ciri anatupwa jangwani peke yake na farasi mdogo mwenye pembe. Lawama yangu moja: siasa ni nyingi, majina ya wafalme utayaandika pembeni. Ila lile jangwa, mama yangu! Niliamka kunywa maji.

Baptism of Fire ndiyo naipenda kuliko zote. Geralt anamtafuta mtoto na kila anayejitolea kumsaidia anamfukuza. Wanakuja hivyo hivyo: mwimbaji, mwanamke mpiga mishale, kijana aliyekuwa adui, na mnyonya damu aliyeacha kunywa damu kama mlevi aliyeacha pombe. Wanapika supu ya samaki pamoja na unaona undugu unatengenezwa kwenye sufuria. Na mambo ya mimba ya yule dada mpiga mishale, wanaume wote wakihangaika wasijue waseme nini, yameandikwa kwa heshima kuliko nilivyotegemea.

The Tower of the Swallow ni ngumu. Hadithi inakwenda mbele na nyuma, msimulizi anabadilika, na Ciri anakutana na mwindaji wa watu ambaye ukatili wake ulinifanya nifunge kitabu siku tatu. Kilichonirudisha ni mzee msomi anayeishi peke yake kinamasini, anayemwokota Ciri amejeruhiwa usoni, anamtibu na kumsikiliza. Hamuulizi kwa pupa. Anangoja.

Somo hilo nililitumia usiku umeme ulipokatika. Binti alisogea kwenye mshumaa, nami nikaanza kumsimulia kisa cha mtoto aliyepotea msituni, nikipunguza damu. Nilipofika pale Geralt anapoondoka nikanyamaza. Akauliza, “Halafu akamrudia?” Nikamwambia, “Kesho.” Kesho yake umeme ulikuwepo, akauzima mwenyewe.

Mwisho, na mwisho wetu

Hapa kama unataka kusoma bila kujua, ruka aya moja. The Lady of the Lake ina mambo yaliyonikera. Geralt anakaa majira yote ya baridi kwenye nchi ya mvinyo na mwanamke mwingine wakati Yennefer anateseka, na mimi hilo sijamsamehe. Marafiki nilioishi nao vitabu viwili wanakufa kwa haraka kama mwandishi ana basi la kuwahi. Lakini kuna baba mzazi wa Ciri, mwenye nguvu zote, aliyemtaka kwa mipango yake. Anamwona analia, na anamwacha aende. Na Geralt, aliyeua mazimwi maisha yake yote, anachomwa na mtu wa kawaida, kwa uma wa shambani, akiwatetea wanyonge mtaani. Ciri anawapakia yeye na Yennefer kwenye mashua, wanaingia kwenye ukungu, na mwandishi hakwambii wazi kama wamekufa. Mume wangu anasema wamekufa. Mimi nasema hapana, na chakula cha usiku tulikula tukibishana.

Nilimaliza kitabu hicho wiki ambayo bibi alipiga simu kutoka Tanga. Amepata nafuu, anamtaka mjukuu wake. Mwaka mmoja kabla ningefunga begi mimi mwenyewe. Siku hiyo nilikaa jikoni moyo unanienda mbio. Mume wangu akasema niamue mimi. Nikamjibu hapana, aulizwe mwenyewe, na akisema anakwenda, hakuna wa kumlilia mbele yake.

Tukamuuliza. Akafikiri, akasema anataka kwenda kwa bibi likizo yote, mpaka siku ya mwisho. “Halafu nikirudi nyumbani utamalizia ile ya barafu, mama mdogo?”

Nikasema nitamalizia. Nikaingia jikoni kuangalia wali ambao ulikuwa umeshaiva.

Kuna vingine viwili, Season of Storms cha mwaka 2013, ambacho Geralt anaibiwa mapanga yake na kwangu ni burudani tu, na Crossroads of Ravens, kilichotoka Poland mwaka 2024, Geralt akiwa kijana wa miaka kumi na minane asiyejua lolote. Hicho kwa sasa kiko upande wa kitanda wa mume wangu. Anakisoma akiwa amegeukia kwangu.

Ushauri wangu? Anza na hadithi fupi zote mbili, usiruke hata moja. Na kama nyumbani kwako kuna mtoto anayesimama mlangoni bila kukuita jina, usimlazimishe. Geuka tu, umuulize anataka nini.