Moto na Rangi

Kule Amerika wachunga ng'ombe huvaa kofia pana za manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa hata yakawa kama kitambaa kigumu. John B. Stetson alianza kuzitengeneza Philadelphia mwaka 1865. Siku hizi kuna mafundi wanaozipamba kwa mkono: huchora maua kwa kalamu ya chuma yenye moto, kisha hutia rangi kwa burashi. Rangi ikikosewa, hufunikwa kwa nyingine. Manyoya yakiisha kuungua hayarudi. Kwa hiyo fundi mwangalifu huchora kwanza kwa chaki, hutazama, ndipo huchoma.

Mimi ni baba, nami nawaza maneno ya hasira nyumbani. Kumwambia mtoto, "Wewe si kitu," ni moto, si rangi. Wazazi wenzangu, tutangulize chaki.