Diski Mbili Katika Waya Mmoja

Mwaka 2012 shule yetu, iliyo chini ya milima ya Usambara katika wilaya ya Muheza, ilipewa zawadi ya kompyuta sita na marafiki wa Kanisa walio Marekani. Zilikuwa zimekwisha kutumika miaka mingi huko zilikotoka, maana zilitengenezwa yapata mwaka 2003, lakini kwetu zilikuwa mpya, nasi tukazipokea kwa nyimbo. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikapewa na kazi ya kuzitunza, kwa sababu moja tu, kwamba nalikuwa nimepata kuona kompyuta iliyofunguliwa kwa fundi mmoja wa Tanga. Habari ninayoandika leo ni ya kosa langu mwenyewe, na ya kijana mmoja aliyechukua lawama yake kwa majuma mawili.

Kosa la kwanza nalilifanya siku ile ile ya nyimbo. Nyuma ya kompyuta zile, karibu na mahali unapochomekwa waya wa umeme, palikuwa na swichi ndogo nyekundu yenye tarakimu mbili, 115 na 230. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 hivi, na huu wetu ni wa volti 230. Mwenye mashine hana budi kuiambia mashine yake iko nchi gani. Zote sita zilikuwa bado zimewekwa kwa desturi ya kwao. Sikutazama. Nikachomeka ya kwanza mbele ya wazee wa Kanisa na akina mama, ukatoka mlio kama wa fataki, moshi ukajaa, na wageni wote wakajikuta uwanjani. Basi nikageuza swichi za zile tano kwa ncha ya bisibisi, nazo zikawaka salama. Katika ile ya kwanza, kilichoungua ni kisanduku cha kugawa umeme tu. Viungo vingine vilisalimika, nikaviweka kabatini.

Msomaji ambaye hajaona ndani ya kompyuta asidhani kwamba mna mambo ya siri. Ukiondoa ubavu wa kasha, utaona ubao mmoja mpana, ambao mafundi wetu huuita mazabodi. Ubao huo hauhesabu wala hauandiki. Kazi yake ni kuwakutanisha wenye kazi, kama uwanja wa kijiji ambao njia zote huishia hapo. Penye feni, chini yake, hukaa prosesa, ndiyo yenye kuhesabu. Kando yake husimama vijiti vya kumbukumbu, navyo husahau yote umeme ukizimika. Mbali kidogo, katika kitanda chake cha chuma, hulala diski, ambayo ni daftari: iliyoandikwa humo hukaa, umeme uwepo usiwepo. Diski huunganishwa na ubao kwa waya bapa, mpana kama utepe, wenye mstari mwekundu upande mmoja. Mstari huo si pambo. Unaonyesha ilipo pini ya kwanza, ili usiuchomeke kichwa chini.

Karibu kila kitu kimefanywa hivi kwamba kiingie kwa njia moja tu. Kijiti cha kumbukumbu kina pengo lake, na ubao una jino la kuingia katika pengo hilo. Kikikataa, mkosaji ni wewe. Lakini yako mambo mawili matatu yaliyoachwa kwa macho ya mtu. Mbali na plagi kubwa ya umeme yenye matundu 20, iko nyingine ya mraba yenye matundu 4, waya mbili za njano na mbili nyeusi, inayolisha prosesa. Ukiisahau, feni huzunguka vizuri na kioo hubaki cheusi. Namjua mtu aliyenunua kioo kipya kwa ajili hiyo. Tena ziko nyuzi nyembamba zitokazo katika kitufe cha kuwashia na katika taa ndogo za mbele. Nyuzi za kitufe hazina mbele wala nyuma, bali taa zina chanya na hasi, na ukizigeuza haziwaki. Majina ya pini hizo yamechapwa juu ya ubao kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Yasomeke au yasisomeke, yamo, wala hakuna njia ya mkato.

Sasa nirudi kwa kijana. Alikuwa wa Kidato cha Tatu, mwana wa mkulima wa machungwa, mtu wa maneno machache. Nalimpa ufunguo wa chumba cha kompyuta ili afagie asubuhi na kuwasha mashine kabla ya darasa. Katika mashine moja tuliweka alama za mitihani za shule nzima. Vitabu vya alama vya zamani vilikuwa vimeliwa na mchwa, ndiyo maana tukaiamini diski. Na nakala nyingine hatukufanya, ingawa nalijua kwamba imetupasa kufanya.

Mwezi wa Novemba mwaka 2013 diski ile ilikuwa karibu kujaa. Nikakumbuka diski ya mashine iliyoungua, iliyokuwa kabatini. Jioni moja nikafungua kasha, nikagusa kwanza chuma chake ili umeme ulio mwilini mwangu usidhuru ubao, nikaitia diski ya pili katika waya bapa ule ule, maana waya mmoja huweza kubeba diski mbili. Kabla sijaijaribu, umeme ukakatika. Nikafunga kasha kwa mwanga wa simu, nikaenda zangu kulala. Asubuhi yake nikasafiri kwenda Tanga kwenye semina ya walimu, nikakaa siku tano.

Niliporudi, kijana alinipokea mkoba njiani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Njema, Mwalimu, ila mashine ya alama haitaki. Inasema haioni diski."

"Umeifanya nini?"

"Naliiwasha tu, Mwalimu, kama siku zote."

Nikamwambia kwamba mashine haiharibiki kwa kuwashwa. Nikaingia, nikaiwasha mwenyewe, nikaona kweli maneno meupe katika kioo cheusi. Nikamtaka ufunguo. Akautoa mfukoni akaniwekea mkononi, wala hakusema neno. Mimi nikadhani kunyamaza kwake ni kukiri.

Mtu ataniuliza, je, hukukumbuka diski uliyoitia wewe? Naliikumbuka. Nalijiambia kwamba mimi nimejifunza kazi ile kwa fundi, na yeye ni mtoto mwenye ufagio. Nalikuwa nimekwisha kuamua ni nani mkosaji, na kasha sikulifungua tena.

Habari ikafika kwa Mwalimu Mkuu. Siku za kufunga shule zilikuwa karibu na ripoti za watoto hazikuweza kuandikwa. Baba yake kijana akaitwa. Alikuja na kofia mkononi, akasikiliza, akauliza diski mpya ni bei gani. Juma la pili akarudi na shilingi elfu arobaini zilizofungwa katika kitambaa, akasema ameuza mbuzi, na zinazobaki atazileta baada ya machungwa. Mwalimu Mkuu akazitia katika mtoto wa meza yake. Mimi nalikuwapo katika chumba hicho, nikimsahihishia daftari.

Jioni ile nikaazimia kuiondoa diski niipeleke kwa fundi Tanga, labda ataokoa alama. Umeme ulikuwa umekatika tena. Nikahitaji mtu wa kunishikia tochi, na aliyekuwa karibu, akifyeka majani kama adhabu yake, ni kijana yule. Nikamwita. Akasimama nyuma yangu na tochi. Nikatoa diski zote mbili nikaziweka mezani bega kwa bega.

Hapa sina budi kueleza. Diski za namna hiyo, zikiwa mbili katika waya mmoja, lazima zijulikane ipi ya kwanza na ipi ya pili. Nyuma ya diski, kati ya tundu la waya bapa na tundu la umeme, kuna pini chache zilizosimama, na juu yake kidude cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele, chenye chuma ndani, kiitwacho jampa. Ukikihamisha kutoka pini hizi kwenda zile, umebadili cheo cha diski. Picha ya mahali pake huwa imechapwa katika karatasi iliyo juu ya diski, kwa sababu kila mtengenezaji ana mpango wake. Vyeo hivyo viliandikwa kwa maneno mawili ya Kiingereza, ambayo maana yake ni Bwana na Mtumwa. Maneno hayo hayanipendezi. Kanisa kuu la Mkunazini kule Unguja limesimama mahali palipouzwa watu hata mwaka 1873, na sioni kwa nini chombo cha kuandikia alama za watoto kiitwe hivyo. Lakini ndivyo vilivyochapwa. Diski za namna ya baadaye, zilizoanza kuenea baada ya mwaka 2003, kila moja ina waya wake mwembamba peke yake, na habari ya vyeo imekwisha.

Basi kila moja ya diski zetu ilikuwa ya kwanza katika mashine yake ya asili. Nikizitia pamoja bila kugusa jampa, nimeweka wawili wote wa kwanza katika waya mmoja. Ubao ukiuliza, "Ni nani wa kwanza?" hujibu wote wawili pamoja, na mara nyingi ubao hauelewi hata mmoja.

Kijana akainamisha tochi. Akatazama karatasi ya diski moja, kisha ya nyingine, akazirudia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mchoro wa hapa unasema kidude kikiwa upande huu ni ya kwanza. Na hii nayo, mchoro wake unasema ni ya kwanza. Zinaweza kuwa za kwanza zote mbili?"

Sikumjibu upesi. Jasho lilinitoka, ingawa kulikuwa na baridi ya mvua za vuli. Nikachukua kibano, nikang'oa jampa ya diski ya kabatini, nikaichomeka mahali pa diski ya pili. Nikarudisha waya, mstari mwekundu mahali pake, nikakaza skurubu. Tukakaa gizani kuungoja umeme. Ulirudi saa tatu usiku, na muda huo wote hakuna aliyesema neno.

Tulipowasha, mashine ilituonyesha majina ya diski zote mbili, lakini ikakataa kuendelea, na saa yake ikasema ni mwezi wa Januari mwaka 2002. Nikakaribia kukata tamaa, kisha nikakumbuka betri. Juu ya ubao kuna betri bapa kama sarafu, ya volti 3, namba yake CR2032, ambayo kazi yake ni kuukumbusha ubao saa na mipango yake wakati mashine haina umeme. Ya kwetu ilikuwa imechoka kwa uzee, na zile siku mashine ilipolala bila umeme zilikuwa zimeimaliza. Ubao ulikuwa umesahau diski ipi ya kuanzia. Nikazima, nikawasha tena, nikabonyeza mara nyingi kitufe chenye neno Delete hata ukurasa wa mipango ukafunguka, nikaandika tarehe, nikaiweka diski ya alama mbele ya nyingine, nikahifadhi. Mashine ikaamka. Alama zilikuwamo zote, tangu Kidato cha Kwanza hata cha Nne, haikupungua hata moja. Betri mpya tuliipata kesho yake Muheza mjini, kwa muuza saa.

Nikamgeukia kijana, nikamwambia, "Mwanangu, nimekukosea." Akajibu, "Hapana neno, Mwalimu." Lakini lilikuwapo neno, na halikuwa la kumalizwa gizani baina ya watu wawili, maana lawama naliitia mbele ya shule nzima. Asubuhi nikaomba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu, nikasimama mstarini mbele ya wanafunzi, nikaeleza nilivyofanya jioni ile kabla ya kwenda Tanga na nilivyosema niliporudi. Wengine walicheka, na waalimu wenzangu wawili waliniambia baadaye kwamba nimejishushia heshima bure. Huenda.

Kazi iliyokuwa ngumu zaidi ilikuwa ya alasiri. Nikachukua zile elfu arobaini, zikiwa bado katika kitambaa chake, nikapanda mpaka shambani kwa baba yake. Alizihesabu polepole, akanishukuru, akanipa machungwa ya kwenda nayo. Nikamwuliza kama mbuzi anaweza kurudishwa. Akasema amekwisha kuchinjwa Jumamosi, katika arusi ya jirani.

Ufunguo nalimrudishia kijana siku ile ile, naye akautunza hata alipomaliza shule. Mashine ile ilifanya kazi mpaka mwaka 2017. Ndipo ubao wake ulipokufa kweli. Vile vidude vya mviringo vya kuwekea umeme vilikuwa vimevimba vichwa na kuvuja. Diski zote mbili nalizitoa nikaziweka kabatini. Juu ya kila moja bado imebandikwa karatasi kwa mwandiko wa kijana yule, moja imeandikwa "ya kwanza," na nyingine "ya pili."