Akiba katika Mkoba Mmoja



Mama yangu alipougua, nilirekodi katika kompyuta ya mapajani simulizi zake za ukoo wetu: majina ya mababu, asili ya shamba, hata ugomvi uliowatenganisha wajomba. Nikanakili sauti hiyo kwenye flashi, nikajiona mwenye busara. Kumbe flashi niliitia katika mkoba uleule wa kompyuta. Mwaka mmoja baada ya kumzika mama, mkoba ukaibwa ndani ya basi.

Kompyuta sikuililia, kwa maana hununuliwa. Niliililia sauti.

Ndipo nilipotambua kwamba nakala mbili zikikaa mahali pamoja ni nakala moja. Diski ikianguka yaweza kufa; flashi ikichomolewa ingali inaandikwa, faili huweza kuharibika; na mwizi hachagui. Tangu hapo kila jambo la thamani nalihifadhi katika vyombo viwili tofauti, kimoja kikiwa nyumba nyingine, nami huvifungua mara kwa mara kuhakikisha kwamba vingali vinasomeka.

Lakini lipo linalonichoma zaidi. Mama alipokuwa akisimulia, macho yangu yalikuwa kwenye kioo, nikichunga kama mashine inarekodi. Dada yangu mdogo, asiye na kompyuta, aliketi mkekani akisikiliza. Leo nikitaka jina la babu wa babu, namwuliza yeye.

Wapendwa, tunakilini yaliyo ya thamani. Ila wazee wanaposema, kwanza tuwasikilize.

Nawatakia Jumapili njema.