Kilwa kwa ndege ya viti vinne

Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko huanza alfajiri na kwa kawaida hula nusu ya siku. Mama yangu, ambaye magoti yamemchosha, alikuwa ameiacha safari hiyo kwa miaka minne. Dada yake mkubwa, ambaye sisi watoto tunamwita Mama Mkubwa, alikuwa akikaa Masoko. Mwezi wa Novemba zikaja habari kwamba maradhi yamemzidia, na kwamba kila anayeingia chumbani humuuliza kama mdogo wake amekwishafika.

Nililitaja jambo hili msikitini baada ya swala ya Isha, nikiomba dua. Miongoni mwa waliosikia alikuwamo ndugu yetu mmoja, mhandisi kwa kazi, ambaye Jumamosi nyingi hurusha ndege ndogo kwa kujiburudisha. Wapo jamaa waliokuwa wakimsengenya kwa hilo, wakisema ni israfu, nami nakiri kwamba sikuwakataza. Usiku ule alinisubiri penye viatu, akaniambia, "Ustadh, Jumamosi ni zamu yangu ya ndege. Mlete mama."

Nilipouliza nauli alicheka. Akanifahamisha kwamba rubani mwenye leseni ya binafsi hana ruhusa ya kubeba abiria kwa ujira. Anaweza kuruka kwa raha yake na kuwachukua ndugu na rafiki zake, lakini hawezi kuifanya ndege kuwa daladala. Leseni yenyewe haipatikani kwa mchezo. Kwa viwango vya kimataifa mwanafunzi hawi chini ya miaka 17, hupimwa afya na daktari aliyeidhinishwa, hufanya mitihani, na hukamilisha angalau saa 40 za mafunzo angani. Ndege anaimiliki kwa ubia na wenzake watatu, kama vile watu wanavyoweza kushirikiana mashua.

Ilikuwa Cessna 172, ndege ya injini moja, rafadha moja na viti vinne, ambayo mabawa yake yamekaa juu ya madirisha, hivyo abiria huiona ardhi bila kizuizi. Aina hii imekuwa ikitengenezwa tangu miaka ya 1950, na zimekwishatoka zaidi ya 40,000. Hakuna aina nyingine ya ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko hii.

Jumamosi alfajiri tulikutana naye uwanjani, upande wa ndege ndogo. Jambo la kwanza alilotoa garini ni mizani ya kupimia watu. "Shikamoo, mama," alisema, "niwie radhi, sina budi kukupima."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu. "Mimi sijapimwa tangu nilipomzaa huyu."

Tulipimwa sote watatu, kisha ukapimwa mzigo. Mama alikuwa amemchukulia dada yake mfuko wa mchele wa kilo 25. Rubani aliandika hesabu zake, akatikisa kichwa. Hakutegemea kupata mafuta Kilwa, kwa hiyo matangi yalipaswa kujaa kwa kwenda na kurudi pamoja na akiba. Na ndege hii matangi yakijaa haiwezi kubeba watu wazima wanne na mizigo. Mchele ukabaki garini. Mama aliutazama kwa huzuni, nami nikajisemea moyoni kwamba mtu huyu ana ubahili wa ajabu. Kilo 25 ni kitu gani?

Kisha akaizunguka ndege yote kwa mguu, huku ameshika karatasi yenye orodha ijapokuwa naamini anaijua kwa moyo. Alipapasa ukingo wa rafadha, akatazama kiwango cha oili, akatikisa mabawa. Chini ya kila tangi alikinga mafuta kidogo katika kikombe cha kioo na kuyainua kwenye mwanga. Mafuta ya ndege hizi hutiwa rangi ya buluu ili yatambulikane, na maji yakiwamo hutuama chini, yakaonekana. Nilimuuliza kama amewahi kuyakuta. "Mara mbili," alisema, na hakuongeza neno.

Tuliruka saa moja na robo. Mama alikaa nyuma, tasbihi mkononi, vifaa vya kusikilizia juu ya mtandio wake. Mbagala ilipita chini yetu kama mkeka wa mabati, ikafuata Mkuranga na mikorosho yake iliyopandwa kwa mistari. Tulikuwa kwenye kimo cha futi 3,500, yaani zaidi kidogo ya kilomita moja. Katika kimo hicho mtu humwona mwanamke anayeanua nguo uani, lakini hamtambui. Niliifurahia safari ile kuliko nilivyotazamia.

Furaha hiyo haikudumu nusu saa. Mbele yetu, juu ya delta ya Rufiji, lilikuwa limesimama wingu la mvua, jeusi chini na jeupe juu, kutoka nchi kavu hadi baharini. Rubani alielekea upande wa bahari akitafuta upenyo, asiuone. Akazungumza na waongoza ndege kwa redio, akainamisha bawa, na taratibu ikaonekana Dar es Salaam mbele yetu.

"Tunarudi?" niliuliza.

"Tunarudi."

Nilimwambia kwamba upande wa kushoto naona mwanga. Nilimwambia kwamba kule kuna mgonjwa. Nilimwambia, kwa sauti niitumiayo katika vikao ninapotaka hoja ipite, ajaribu kidogo tu. Hakugeuka. "Ustadh," alisema, "ukiniomba tena nitakataa tena. Niache nirushe ndege." Mama hakusema kitu. Uwanjani alimshukuru kijana kwa adabu, lakini ndani ya gari alijifunika uso kwa mtandio, na nilijua kwamba analia.

Jioni ile rubani alikuja nyumbani. Alikaa mkekani mbele ya mama na kumweleza jambo ambalo mimi sikumpa nafasi ya kulieleza. Mafunzo yake ni ya kuruka kwa kutazama nje. Akiingia katika wingu hana upeo wa kuutazama, na hapo mwili wa binadamu humdanganya. Ndani ya sikio mna kiungo kinachotupa mizani ya mwili. Ndege ikizunguka polepole kwa muda, kiungo hicho hukoma kuuhisi mzunguko, na rubani akaamini kwamba yuko sawa hali anashuka kwa kujipinda. Wengi wamekufa hivyo, na ndege zao zilikuwa nzima.

"Mama," alimaliza, "ningepotea pamoja nawe, dada yako angebaki akikungoja." Kisha akasema kwamba wenzake wamemwachia ndege kwa kesho, na kwamba asubuhi mbingu hutarajiwa kuwa nyepesi zaidi.

Jumapili tuliondoka mapema zaidi. Delta ilikuwa wazi. Rufiji inapofika baharini hugawanyika matawi mengi, na katikati yake umeenea msitu mkubwa wa mikoko, wenye kijani kilichoiva mfano wa majani ya mchicha yaliyochemshwa. Njia za maji hujipinda na kurudi zilikotoka. Nilielewa kwa nini manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliweza kujificha humo baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar mwezi Septemba 1914. Kutoka baharini haikuonekana. Waingereza walimleta rubani wa kiraia, H. D. Cutler, na ndege yenye kuelea majini, akarukia kisiwa cha Niororo na kuiona meli ile mwezi Novemba 1914. Mwezi uliofuata alilazimika kushuka katika delta, akatekwa. Manowari iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, huku ndege zikielekeza mizinga kutoka juu, na mmoja wa mizinga yake umewekwa leo Fort Jesus, Mombasa. Ndege za mwanzo kuruka juu ya watu wa Rufiji, basi, zilikuja kwa vita. Yetu ilikuwa imembeba mwanamke mzee anayekwenda kumjulia hali dada yake.

Kushoto kilionekana Kisiwa cha Mafia, baadaye Songo Songo penye gesi, kisha Kilwa Kivinje, na hatimaye rasi ya Masoko. Rubani alipinda kidogo ili tukione Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akaukuta mji wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman katika ustawi wake. Nimewasomea wanafunzi wa madrasa habari hizo mara nyingi, lakini sikuwa nimewahi kuuona mji wenyewe kwa mtazamo mmoja: kuba za Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza karne ya 11, na kule kwenye ukingo wa jabali kasri la Husuni Kubwa na birika lake la pembe nane, kavu. Wenye mji ule walitegemea pepo za kaskazi na kusi, na nahodha aliyekosa upepo alikaa bandarini miezi. Hakuna msafiri aliyemtukana.

Tulitua Masoko baada ya kuzunguka mara moja kuhakikisha hakuna mbuzi njiani. Rubani alitwambia: saa nane mchana tuwe angani, kwa kuwa mawingu huja alasiri. Mimi niliyekuwa na hoja nyingi jana yake niliitika bila neno.

Mama Mkubwa alikuwa amelala ubavu, amekonda. Mama aliingia, akakaa kitandani, akamshika mkono. "Umechelewa," mgonjwa alisema.

"Jana kulikuwa na wingu, dada."

Tuliwaacha peke yao kwa zaidi ya saa mbili. Mimi na rubani tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyoruhusiwa kwa msafiri, naye akaniomba niwe imamu. Nilipotoa salamu nilitaka kumwomba msamaha, nikaona haya. Nikamwomba tukiwa njiani kurudi, kwa redio ya ndani, ambapo mama pia alisikia.

Mama Mkubwa alifariki siku kumi na moja baadaye. Mchele wake mama aliutoa sadaka.

Nimeandika haya kwa sababu sisi watu wa pwani ni wasafiri, na mara nyingi ni wasafiri wenye haraka. Tunajua tulivyowapoteza wenzetu Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi. Tunapotafuta wa kulaumiwa huwatazama wenye vyombo, nao wana lao la kujibu. Lakini yupo pia abiria asemaye "tubanane tu," na yupo asemaye "jaribu kidogo." Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Siku ile nilitaka kuwa nahodha wa pili, na nilikuwa na hoja nzuri sana.

Amana ya roho za watu huonekana zaidi mahali ambapo mtu anasema hapana huku mzee analia nyuma yake. Ndugu msomaji, dereva, nahodha au rubani wako akikwambia leo haiwezekani, mshukuru. Na ukimjua kijana anayeutumia muda wake kujifunza elimu ya namna hii, usiharakishe kuiita israfu. Mimi niliyenyamaza wakati akisengenywa, mama yangu aliyapata mazungumzo yake ya mwisho na dada yake kwa mkono wa kijana huyo.